Mtu Akibaki Peke Yake Jukwaani

Sisi wasimulizi tuna raha moja ambayo watunzi wa tamthilia hawana. Nikiwasimulia habari za Fumo Liyongo, shujaa wa Waswahili wa kule Pate na mdomo wa mto Tana, nikafika pale mwanawe anapotumwa amuue, sipati shida yoyote. Namfuata kijana njiani, naingia moyoni mwake bila kubisha hodi, nawaambia: aliogopa, alitamani, alikumbuka kwamba huyu ni baba yake. Basi, mmeshajua. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeutunga utenzi wa Liyongo mwaka 1913, alikuwa na raha hiyo hiyo. Kijana ana sindano ya shaba mkononi, baba amelala, na ni mtunzi anayetueleza kwamba mkono haukutaka kwenda.

Mtunzi wa tamthilia amenyimwa ruhusa hiyo. Jukwaani hasimami mtu kando ya mwigizaji akatunong'onezea yaliyomo kifuani mwake. Watu wanaingia, wanasema, wanatoka, na sisi tunayajua yale tu tunayoyaona na kuyasikia. Tena mnajua jinsi mtu mwenye jambo zito anavyokuwa mbele za wenzake: atazungumzia mvua, atazungumzia bei ya kahawa, atazungumzia kila kitu isipokuwa lile jambo. Sasa mtunzi afanye nini? Anawatoa watu wote jukwaani. Anambakiza mmoja, mara nyingi usiku, na kumfungua kinywa.

Vitabu vyenu vya fasihi huyaita maneno hayo ya mtu akiwa peke yake uzungumzi nafsia. Ukiulizwa katika mtihani, nusu ya darasa huandika kwamba ni mhusika kujizungumzia akiwa peke yake, wakachukua alama yao moja na kwenda zao. Jibu ni sahihi. Lakini halisaidii kitu siku unapokaa na tamthilia yenyewe, kwa sababu linakufanya udhani kwamba mtu akibaki peke yake husema ukweli. Wengi wenu mnaamini hivyo: mbele za watu anadanganya, akiwa peke yake anaungama. Mimi naona sivyo. Akiwa peke yake hana mwingine wa kumdanganya, ni kweli, lakini bado anaweza kujidanganya mwenyewe, na hapo ndipo utamu wote ulipo.

Kabla hatujaenda mbali, niseme neno juu ya tanzia, yaani tamthilia ya maangamizi. Mgiriki Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliona kwamba hadithi ya mtu mbaya anayeangamia haituumizi. Tunasema amepata haki yake. Hadithi ya mtu asiye na doa anayeangamia nayo inatuudhi tu. Anayetushika roho ni yule wa katikati: mtu mwenye sifa, anayeheshimiwa, ambaye anaanguka kwa kosa lake mwenyewe wala si kwa uovu. Huyo ndiye shujaa wa tanzia. Na tazameni tatizo linalozuka hapo. Shujaa wa namna hii mara nyingi anafanya jambo baya kabisa. Ukimtazama kwa nje, ni muuaji. Wema wake umebaki ndani, na ndani hakuonekani jukwaani. Bila zile dakika chache za upweke, Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, angekuwa mtu mwenye kisu tu.

Tuanze na huyo Brutus, maana Kiswahili kilimpata mapema na kwa njia ya ajabu. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Julius Caesar. Baadaye akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Hebu fikirini. Nyerere alikuwa Rais wa Tanganyika tangu Desemba 1962. Hajakaa sana Ikulu, na rais anatoa tafsiri ya mchezo ambamo watu wema, wapenda nchi yao, wanamchoma visu mtawala wao kwa kuogopa kwamba atageuka dikteta. Sijui rais mwingine mwenye burudani ya namna hiyo.

Likizo ya Agosti niliwakusanya vijana kadhaa wa sekondari hapa Karurumo, katika ukumbi wa kanisa uliokuwa wazi siku hiyo, tukajaribu kuigiza bustani ya Brutus. Karurumo mnaijua: bodaboda hazinyamazi, na ukumbi wenyewe una mabati ambayo hata njiwa akitua mnageuka. Kijana wa kwanza alisimama katikati, akapanua miguu, akatuelekezea kidole na kuyatamka maneno ya Brutus kama mgombea ubunge pale Runyenjes. Alikuwa na sauti nzuri. Wenzake wakapiga makofi. Ndipo msichana mmoja aliyekaa nyuma akauliza, bila kuinua mkono: "Mwalimu, sasa anamwambia nani?"

Hilo ndilo swali. Ukilishika hilo, mengine yote yatakuja.

Usiku ule Brutus yuko bustanini kwake. Hajalala; yeye mwenyewe anasema kwamba usingizi ulimtoroka tangu rafiki yake Cassius alipoanza kumchochea juu ya Caesar. Mtumishi wake, kijana mdogo anayeitwa Lucius, analala fofofo hata kumwamsha ni kazi, na Brutus anamwonea wivu. Anamtuma akawashe taa chumbani. Sasa yuko peke yake. Neno lake la kwanza ni lipi? Je, anajiuliza: nifanye nini? Hapana. Neno lake la kwanza ni kwamba Caesar hana budi kufa.

Tazameni mpangilio huo. Chifu akianza baraza kwa kutangaza nani ana hatia, kisha ndipo aite mashahidi, nyinyi wenyewe mtajua kwamba kesi ilikwisha nyumbani kabla watu hawajakaa. Brutus amefanya hivyo hivyo. Ametoa hukumu, sasa anatafuta kosa. Na kwa sababu ni mtu mwaminifu, halipati. Anakiri kwamba yeye binafsi hana ugomvi na Caesar. Anakiri kwamba hajawahi kumwona Caesar akiacha tamaa zimtawale akili. Shahidi mmoja baada ya mwingine anamtetea mshitakiwa! Kilichobaki mkononi mwa Brutus ni "huenda". Huenda akivikwa taji atabadilika. Huenda aliyepanda ngazi kwa unyenyekevu akifika juu atazipa mgongo. Na kwa kuwa Caesar wa leo hana kosa linalotosha kumuua, Brutus anaamua kumhukumu Caesar wa kesho: amwone kama yai la nyoka, alivunje lingali yai.

Nilimwambia yule msichana wa nyuma ajaribu yeye. Hakusimama katikati. Alitembea polepole kando ya ukuta, nusu ya muda ametupa mgongo, na kila alipofika kwenye "huenda" alisimama, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja aliyekuwa akichezea simu aliiweka chini. Baadaye nilimuuliza kwa nini alisimama pale, akasema, "Kwa sababu hapo ndipo yeye mwenyewe haamini." Sikuwa na la kuongeza.

Sasa mchukueni Brutus yule yule mchana, baada ya mauaji. Amesimama mbele ya umati wa Roma. Anawaambia nini? Kwamba alimpenda Caesar lakini aliipenda Roma zaidi, na kwamba Caesar alikuwa na uchu wa madaraka, kwa hiyo alimuua. Basi. Hakuna "huenda". Usiku Caesar alikuwa mtu ambaye pengine angekuja kuwa hatari. Mchana amekuwa mtu aliyekuwa hatari kweli, jambo lililothibitishwa. Umati unamshangilia kwa sababu haukuwa bustanini. Sisi tulikuwako. Sisi watazamaji ndio peke yetu, katika mji mzima wa Roma, tunaojua kwamba kile anachokisema kwa uhakika mkubwa alikijenga juu ya neno moja jepesi. Msomapo tamthilia, fanyeni zoezi hili: wekeni maneno ya mhusika akiwa peke yake upande huu, na maneno yake ya hadharani juu ya jambo lile lile upande ule. Pengo lililo kati yao ndilo mgogoro wa nafsi mnaoulizwa kila mwaka katika mtihani, na hamhitaji kuukariri, utaonekana wenyewe.

Katika bustani ile ile, usiku ule ule kabla ya mauaji, Brutus anasema jambo ambalo sidhani Nyerere alilifasiri bila kutua kalamu. Anasema kwamba kati ya kuliwazia jambo la kutisha na kulitenda, muda wote ule ni kama jinamizi, na mtu mmoja anageuka kuwa nchi ndogo iliyoingiwa na uasi. Nchi nzima ndani ya kifua kimoja. Cassius anataka kupindua utawala wa Roma, lakini mapinduzi ya kwanza tunayoyaona yanatokea chini ya mbavu za Brutus, na hatujui ni upande gani ulioshinda kihalali.

Kuna jambo lingine ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama: nani anamkatiza anayezungumza? Brutus anakatizwa na Lucius, yule kijana wa taa. Ameokota barua dirishani. Brutus anaisoma, inamwambia aamke, ajitazame, akumbuke kwamba Roma inamngoja. Jina lake lenyewe lina historia, kwa sababu Brutus wa kale alishiriki kuwafukuza wafalme Roma kiasi cha miaka 500 kabla ya Kristo. Brutus anaona kwamba raia wanamwita. Sisi tunajua kwamba barua ile ni ya uongo, imepangwa na Cassius, imeandikwa ionekane kama imetoka kwa wananchi. Nyinyi wa siku hizi, mnaotumiwa kila aina ya ujumbe kwenye simu ukidai kwamba taifa zima linasema hivi au vile, hamna haja ya kufafanuliwa.

Na sasa rudini kwa mwana wa Liyongo. Naye alisita, naye alikuwa na kitu cha ncha mkononi na mtu anayempenda mbele yake. Naye aliletewa barua. Mfalme wa Pate, ndiye aliyemtuma, alimwandikia kumkumbusha kwamba harusi aliyomwahidi imeshaandaliwa, binti yake anangoja, mbona kijana anachelewa. Mtunzi wa Kiingereza na mtunzi wa Lamu, mmoja mwaka 1599 hivi na mwingine 1913, wote wameona kitu kimoja: mtu anayegombana na nafsi yake yuko wazi kama nyumba isiyo na mlango, na wenye haja naye wanajua saa ya kuingia. Tofauti ni kwamba Brutus tulimsikia kwa kinywa chake kabla barua haijafika. Tunajua alikuwa ameshajihukumia nusu ya njia. Mwana wa Liyongo hatukumsikia, tuliambiwa tu. Ndiyo maana wasikilizaji wangu wengi humlaani, na Brutus humsikitikia, ingawa matendo yao hayajatofautiana sana.

Macbeth, shujaa wa tanzia nyingine ya Shakespeare, nitampitia haraka, si kwa sababu hana thamani, bali kwa sababu yeye ni rahisi kumwelewa na mgumu kumsamehe. S. S. Mushi alimleta katika Kiswahili mwaka 1968. Macbeth anataka kumuua Mfalme Duncan ili atawale yeye, na Duncan amelala nyumbani kwa Macbeth usiku ule, amekula chakula chake. Macbeth anaiacha meza ya karamu, anatoka nje, anazungumza peke yake. Tofauti na Brutus, yeye anaanza na mashahidi, na wote anawasikiliza kwa haki. Duncan ni jamaa yangu. Ni mfalme wangu. Ni mgeni wangu. Mimi ndiye niliyepaswa kufunga mlango dhidi ya muuaji, si kushika kisu mimi mwenyewe. Tena ni mfalme mpole. Upande wa pili wa mizani kuna nini? Tamaa tu. Anaisema hivyo hivyo, bila kuificha. Katika nchi yetu hii ya Embu, ambako mgeni huulizwa safari yake baada ya kula wala si kabla, hakuna mtoto asiyeelewa uzito wa hoja ya mgeni. Macbeth anauelewa pia. Kisha mkewe anaingia, wanazungumza kidogo, na Duncan hafiki asubuhi.

Kwa hiyo Brutus alijidanganya akaweza, na Macbeth alijaribu kujidanganya akashindwa lakini akaua hata hivyo. Nikilazimishwa kusema ni nani anayenitisha zaidi, nitamtaja Brutus. Macbeth akifika usiku anajua alichofanya, na kujua huko kunamla mpaka mwisho. Brutus anakwenda hadi vitani Philippi, anajiua kwa upanga wake mwenyewe, na sina hakika kama siku yoyote alirudi kuisikiliza tena ile "huenda" ya bustanini.

Lakini hawa wote wana anasa moja: wana mahali pa kujitenga. Brutus ana bustani, Macbeth ana ukumbi mtupu nje ya karamu. Katika tamthilia za Wagiriki wa kale shujaa hakupata nafasi hiyo kwa urahisi, kwa sababu kundi la waimbaji, yaani korasi, likiingia jukwaani halitoki mpaka karibu na mwisho. Na kwetu? Nani kwetu anaachwa peke yake? Ukikaa kimya mbele ya nyumba nusu saa, jirani atakuja kuuliza kama unaumwa.

Ebrahim Hussein wa Kilwa aliliona hilo, na ndiyo maana naiona tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, kuwa kazi ngumu kuliko inavyofikiriwa na wanaoisoma kwa ajili ya vita tu. Kinjikitile Ngwale wa kweli aliishi Ngarambe, upande wa Rufiji, wakati Wajerumani walipotawala Tanganyika na kuwalazimisha watu kulima pamba. Aliwapa watu dawa ya maji, akisema itazifanya risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu waliokuwa hawasikilizani wakawa kitu kimoja. Vita vya Maji Maji vikawaka Julai 1905. Kinjikitile mwenyewe akanyongwa mwezi uliofuata. Vita vikaendelea hadi 1907, na makumi ya maelfu ya watu wakafa, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba kuchomwa. Hussein alionya wasomaji kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya mtu huyu. Chukueni onyo hilo kwa makini, maana mgogoro ninaotaka kuwaonyesha ni wa Hussein.

Kinjeketile wa jukwaani anazama mtoni, watu wanamngoja, anatoka akiwa na ujumbe wa pepo Hongo. Anawatangazia watu maji. Umoja unazaliwa papo hapo, mbele ya macho yetu. Halafu, katikati ya maneno yake mwenyewe, anatamka kwamba wakishinda watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani wa Sultani wa Zanzibar. Anasikia kilichotoka kinywani mwake. Kumwondoa mgeni mmoja ili atawale mgeni mwingine? Sasa ile sauti aliyoiamini inaanza kumtia shaka. Kama hilo ni uongo, na maji je?

Kuanzia hapo Kinjeketile amenaswa. Akisema dawa ni ya kweli, na si ya kweli, watu watakwenda kifua wazi mbele ya bunduki za rashasha. Akisema si ya kweli, ule umoja ambao hakuna aliyewahi kuuona utavunjika asubuhi ile ile, na Mjerumani atacheka. Anachoomba ni muda: watu wafanye mazoezi, wangoje amri yake. Hawangoji.

Brutus angekwenda bustanini. Kinjeketile hana bustani. Nyumba yake imezungukwa na watu wanaotaka maji; mlango wake hauna saa ya kufungwa. Aliye karibu naye ni Kitunda, mwenye akili ya kivita, mtu wa kupima mambo, na ni kwake tu anapojaribu kusema. Lakini sikilizeni maneno yale yakisomwa kwa sauti. Anaanza akimjibu Kitunda, na baada ya sentensi chache Kitunda ni kama hayupo tena. Anazungumzia jinsi binadamu anavyoweza kulizaa neno, neno likakua mpaka likamzidi aliyelizaa. Hayo si maelezo kwa amiri wake. Ni mtu anayejisikiliza akigundua kwamba hana mamlaka tena juu ya jambo alilolianzisha. Wapo walimu watakaokataa kuuita huo uzungumzi nafsia, kwa kuwa kuna mtu wa pili jukwaani. Kwa hesabu ya vidole wana haki. Mimi nahesabu masikio: swali ni lile lile la yule msichana, anamwambia nani?

Mwishoni wako gerezani. Wajerumani wanamtaka Kinjeketile atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda naye anamwomba aseme ukweli, watu waache kufa. Sisi watazamaji tunajua kwamba Kinjeketile mwenyewe ana shaka. Tulikuwapo shaka ilipoingia. Anakataa. Akisema ni uongo, anaona, Mjerumani atawafundisha watoto wa kesho kwamba kupigana vile kulikuwa kosa, na neno lile litakufa pamoja na waliokufa kwa ajili yake. Mimi huwa sijui kama alifanya vyema. Katika ukumbi wa kanisa vijana waligawanyika, wakapigiana kelele mpaka bodaboda za nje zikasahaulika. Nilichowazuia ni kimoja tu: kumwita mwongo. Mwongo analijua jambo moja na kusema lingine. Huyu analo jambo ambalo hana hakika nalo, na amezungukwa na watu wenye hakika.

Mmeona basi kwa nini nawatuma kwa watunzi hawa badala ya kuwapa fasili mkariri. Sasa kazi yenu.

Ukivuka mto Thuci unaacha kaunti yetu na kuingia Tharaka Nithi, na kule Tharaka ndiko alikozaliwa Kithaka wa Mberia, aliyetupa tamthilia ya Kifo Kisimani mwaka 2001. Kaka zenu wakubwa na mama zenu wadogo waliisoma kwa ajili ya KCSE. Mwelusi anapigania haki katika nchi ya Butangi inayokandamizwa na mtawala Bokono. Hatishwi na gereza. Anauawa kisimani, na anayemuua ni ndugu yake mwenyewe, Gege, aliyeahidiwa kumwoa binti wa mtawala. Atakayeisoma baada ya kumsikiliza Liyongo atajua kwamba kisima kile ameshakiona, maana Liyongo naye, baada ya kuchomwa, alikwenda kupiga goti kisimani na upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji.

Mwelusi ndiye shujaa, lakini Mwelusi hagombani na nafsi yake; anajua anachotaka tangu mwanzo. Nataka ukurasa mmoja wa Gege. Ni usiku wa mwisho kabla ya kisima, wenzake wameondoka, yuko peke yake nje ya nyumba ya mama yake, mama aliyewazaa wote wawili. Asianze kwa kutuambia kwamba amechanganyikiwa. Atakayeandika hivyo nitamrudishia karatasi. Amueni kwanza kama ni mtu wa Brutus, aliyehukumu kabla ya mashahidi, au wa Macbeth, anayewasikiliza mashahidi wote kisha akaenda. Mpeni sababu nzuri nzuri: amani ya Butangi, ukaidi wa Mwelusi, jinsi kaka huyu alivyopendwa na watu kuliko yeye tangu utotoni. Azipange vizuri. Yule binti asitajwe mpaka karibu na mwisho, na mkiweza, asitajwe kabisa, ila sisi tujue. Kisha amueni nani anaingia kumkatiza, na ameleta nini.

Leteni Jumamosi asubuhi, kabla wanakwaya hawajauhitaji ukumbi.